Kabla Hujanilaumu kwa Tisheti ya Mia Mbili

Kila baada ya miezi michache mjadala huu hurudi mtandaoni, na kila ukirudi watu hugawanyika vile vile. Kuna watu wa mavazi yenye maadili. Hao watakuambia ukinunua blauzi ya bei rahisi umeshiriki dhambi ya kiwanda fulani huko Bangladesh. Kuna wazalendo, ambao watakuambia ukivaa mtumba umeua viwanda vya Kenya kwa mikono yako mwenyewe. Halafu kuna sisi wengine, tulio wengi, ambao tuliamka, tukaangalia salio kwa simu, tukaenda Gikomba ama Toi ama Kongowea, tukatafuta kitu kinachotutosha.

Hilo neno dhambi ndilo nataka tuliongelee. Sitahubiri. Nataka tu turudi nyuma kidogo, manake hapa pwani yetu swali hili lina karibu miaka mia mbili, na lilianza na kitambaa ambacho hadi leo kinabeba jina la nchi kilikotoka.

Merikani.

Muulize mtu mzima yeyote wa Mombasa au Lamu, atakuambia merikani ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, rangi ya maziwa yaliyokaa, kigumu kikiwa kipya lakini kinalainika kikifuliwa. Jina si la kubahatisha. Mwaka 1833 Mmarekani mmoja, Edmund Roberts, alitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Mwaka 1837 Marekani ikafungua ubalozi mdogo Unguja, na mtu aliyewekwa pale, Richard Waters, alikuwa mfanyabiashara wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Yaani mwanadiplomasia na muuza nguo walikuwa mtu mmoja. Kwa miaka mingi iliyofuata meli za Salem ndizo zilizotawala biashara ya Wamarekani hapa: zilileta kitambaa na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu.

Kitambaa chenyewe kilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Miaka ya 1840 Salem yenyewe ilijenga kiwanda chake kikubwa cha mvuke, Naumkeag. Lakini Massachusetts ni nchi ya baridi na theluji, pamba haiwezi kuota huko. Pamba ilitoka kusini, Alabama, Mississippi na majirani zao, na huko ilichumwa na watumwa.

Sasa fuata uzi. Mtumwa anachuma pamba Mississippi. Msichana huru anaifuma Massachusetts kwa mshahara mdogo na masaa marefu. Meli inaileta Unguja. Hapo inavuka bara, inapimwa kwa mkono, kwa shuka, kwa doti, kwa jora, inafungwa mizigo na kupanda na misafara kuingia ndani. Huko ndani inalipa hongo kwa watawala wa njiani, inalipa posho ya wapagazi, inanunua pembe, na mara nyingine inanunua watu. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa malipo, na malipo yenyewe yalikuwa hiyo hiyo nguo. Lakini waliouzwa nao walipita njia zile zile, na wengi waliishia kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Pembe zilisafiri kurudi Marekani, nyingi hadi vijiji vya Connecticut kama Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vitana na vibao vya kinanda. Binti wa familia nzuri akakaa sebuleni akapiga wimbo wa kanisa.

Kila mmoja kwenye mnyororo huo aliona kipande chake tu. Mchuma pamba hakujua Tabora iko wapi. Mpiga kinanda hakuwahi kuona tembo. Na mtu wa Tabora aliyejifunga doti mpya siku ya sherehe hakuwa na habari za mtu mweusi mwenzake aliyechapwa viboko kwa sababu kapu lake halikujaa.

Je, yule wa Tabora alikuwa na hatia?

Usijibu haraka. Manake hapa ndipo watu wa pande zote mbili huharibu hoja. Ukisema alikuwa na hatia, umemtoza deni mtu asiyejua kuna duka la kukopesha. Ukisema hakuwa nayo, basi ni nani aliyekuwa nayo, kama kila mtu alishika kipande kimoja?

Kitu ambacho hunikosesha usingizi kuhusu Salem ni kwamba mji ule ule uliotuletea merikani ulikuwa na watu waliojua. Mwaka 1832, wanawake weusi wa Salem waliunda chama cha wanawake cha kupinga utumwa, kabla hata ya ule mkataba na Sayyid Said kutiwa sahihi. Familia moja mashuhuri ya watu weusi pale, akina Remond, ilitoa wasemaji waliozunguka wakipinga utumwa hadharani. Binti yao, Sarah Parker Remond, alivuka bahari kwenda Uingereza, na mwaka 1859 akasimama Manchester, mji mkuu wa pamba duniani wakati huo, akawaambia kwamba akitembea mitaani mwao na kuona mizigo ya pamba ikipita, anakumbuka kuwa hakuna hata senti moja ya utajiri ule iliyofika mikononi mwa waliolima. Mwanamke mweusi, ugenini, anawaambia watu wa viwanda hivyo usoni. Na bandarini kwao Salem meli bado zinapakia vitambaa vya kuja kwetu.

Kulikuwa pia na watu waliojaribu kutatua jambo hili dukani. Waquaker wengi na wengineo, weusi kwa weupe, walianzisha huko Marekani harakati ya kununua tu bidhaa ambazo hazikuguswa na watumwa. Walifungua maduka ya pamba huru na sukari huru. Ukisoma habari zao utadhani unasoma ukurasa wa leo wa fasheni endelevu: bidhaa zilikuwa ghali, zilikuwa adimu, mara nyingi ubora wake ulilalamikiwa, na mnunuzi alilazimika kuamini neno la muuzaji kwamba kweli ni safi. Biashara ya pamba ya watumwa haikutikisika. Nawaheshimu sana watu wale. Waliishi walichoamini na wengi wao walifanya mengine zaidi ya kununua. Lakini utumwa Marekani haukuishia kaunta ya duka. Uliishia vitani, na watumwa wenyewe walipokimbia mashamba kwa maelfu na kuchukua bunduki.

Wakati wa vita hivyo, 1861 hadi 1865, pamba iliacha kufika Lancashire. Viwanda vikafungwa, watu wakalala njaa. Na bado, siku ya mwisho ya Desemba 1862, mkutano wa wafanyakazi wa Manchester ulimwandikia Rais Lincoln kumuunga mkono. Si wafanyakazi wote wa eneo lile waliokubaliana nao, kulikuwa na miji iliyotaka vita viishe kwa vyovyote pamba irudi. Lakini kuna watu waliokosa chakula kwa sababu ya pamba ile na wakasema, sawa, na isije.

Hiyo barua inanisumbua kwa sababu inaharibu hoja yangu ninayoipenda. Mimi hupenda kusema kwamba maskini halaumiki, hana chaguo. Kumbe wapo maskini waliochagua, na gharama yake waliihisi tumboni. Tofauti ninayoiona ni kwamba walichagua pamoja, ukumbini, wakipiga kura na kuandikia serikali. Hakuna aliyewaambia waende nyumbani kila mtu peke yake akaangalie kabati lake ajisikie vibaya.

Turudi kwetu. Usidhani watu wa huku walikuwa wanapokea tu chochote kinachoshushwa bandarini. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha vizuri kwamba wateja wa Afrika Mashariki ndio waliowaamrisha wafumaji wa mbali. Kiongozi wa msafara aliyebeba nguo ya rangi ambayo msimu wake umeisha alijua amebeba hasara. Kila eneo lilikuwa na upana wake, ukingo wake, jina lake. Wafanyabiashara waliandika barua kwao wakiomba sampuli ifuatwe sawasawa. Vita vya Marekani vilipokata merikani, wengine waliiga. Bombay ikaja ikafuma merikani yake, na watu wakaendelea kuiita merikani ingawa haijawahi kuona Marekani. Kama umewahi kununua kiatu chenye nembo ya uongo hapo Kamukunji, ujue hiyo tabia ina babu.

Na kwa vile tunaongea maadili, wacha tuseme ukweli kuhusu nyumbani pia, manake tuna tabia ya kuanza historia siku mzungu alipofika. Pwani yetu ilikuwa na watumwa wake, na nguo ndiyo iliyokuwa kitambulisho. Mtumwa wa kike alivaa merikani au kaniki, ile nguo nyeusi ya buluu iliyokolea, na hakuruhusiwa kufunika kichwa kama mwungwana. Viatu na kilemba vilikuwa vya wenyewe. Lamu, wanawake wa nyumba kubwa walitembea chini ya shiraa, hema la kitambaa linalobebwa juu yao ili wasionekane. Unajua nani aliyelibeba? Watumwa wao, ambao kuonekana kwao hakukumhusu mtu. Stara ya mmoja ilishikiliwa na mikono ya mwingine aliyenyimwa stara.

Ndiyo maana kanga ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanahistoria Laura Fair ameandika jinsi wanawake waliotoka utumwani Unguja walivyoitupa kaniki na kununua kanga, rangi, maua, kisha buibui. Walitumia pesa walizopata kwa shida kununua nguo, na wapo waliowacheka kwa hilo. Hapa kwetu Mombasa jina la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa "Mali ya Abdulla" iliyochapwa kwenye leso zake, lilianza biashara miaka ya 1880 na bado liko Mtaa wa Biashara.

Sasa fikiria. Mwanamke ameachiliwa jana. Anaingia dukani anachagua kanga yake ya kwanza kwa pesa yake. Kanga hiyo imechapwa Manchester au Uholanzi, kwenye kiwanda ambacho huenda watoto walifanya kazi ndani yake, kwa pamba ambayo Mungu ndiye anajua imelimwa na nani. Nani atathubutu kusimama mlangoni amwambie kwamba ununuzi wake hauna maadili? Mimi siwezi. Na bado ile pamba ililimwa na mtu.

Ililimwa na watu kama wa Umatumbi, kusini mwa Tanzania ya leo. Huko Wajerumani waliamua kuwa pamba ndiyo itakayolipa gharama za koloni. Kuanzia 1902 watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya majumbe na maakida, siku zao za kulima chakula zikaliwa, na malipo yakawa ya kutukana. Mwezi Julai 1905, pale Nandete, watu waliingia shamba la pamba wakang'oa miche. Hiyo ndiyo ilikuwa tangazo la vita. Tunaifundisha Maji Maji shuleni kama hadithi ya maji ya Kinjikitile na risasi, tunasahau kwamba ilianza na mche wa pamba mkononi. Mtu aliyechoka kulima nguo za wengine. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba ya chakula na maghala hadi njaa ikamaliza kazi. Wao wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 hadi 300,000.

Weka idadi hiyo kando ya Rana Plaza, ambayo ndiyo mfano unaotajwa kila mara. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la viwanda vya nguo huko Savar karibu na Dhaka liliporomoka na kuua watu 1,134. Siku moja kabla nyufa zilikuwa zimeonekana. Benki iliyokuwa ndani ya jengo iliwaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji waliambiwa warudi kwenye cherehani. Na miaka 102 nyuma yake, tarehe 25 Machi 1911, moto wa kiwanda cha Triangle mjini New York uliua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa funguo. Baada ya Triangle zilikuja sheria, kwa sababu vyama vya wafanyakazi viliandamana na kubana wanasiasa. Baada ya Rana Plaza ulikuja mkataba wa usalama wa majengo ambao kampuni zilitia sahihi na ambao vyama viliweza kuzishtaki zikiuvunja. Sioni popote kwenye historia hii ambapo mlango uliofungwa ulifunguliwa na mteja mwenye huruma aliyehama duka.

Haya, viwanda vyetu.

Baada ya uhuru Kenya ilijenga: Kicomi pale Kisumu, Mountex Nanyuki, Rivatex Eldoret katikati ya miaka ya 1970, vingine Thika na Nairobi. Serikali ilizuia nguo za nje, mkulima wa Nyanza na Magharibi akauza pamba, mtoto wa shule akavaa sare iliyofumwa nchini. Wazee wakisimulia hiyo miaka utadhani ni peponi. Haikuwa. Nguo ilikuwa ghali, na mkulima wa pamba alijua vizuri maana ya kupeleka mzigo kwenye bodi na kungoja malipo msimu mzima, halafu mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msukumo wa wafadhili, milango ikafunguliwa. Mtumba ukaingia kihalali, na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia nazo zikaingia. Kicomi ikafungwa. Rivatex ikawekwa chini ya mrasimu kabla ya miaka ya 1990 kwisha, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007, ikazinduliwa upya 2019. Mtu akikuambia ni mtumba peke yake uliua viwanda, muulize kuhusu bei ya stima, mashine za zamani, usimamizi, na mkulima aliyeng'oa pamba akapanda mahindi kwa sababu hajalipwa.

Na neno lenyewe. Mtumba ni furushi, bunda. Watanzania wa zamani walikuwa na jina kali zaidi, "kafa Ulaya", na Waghana wana lao, "obroni wawu", nguo za mzungu aliyekufa. Watu hawakuweza kuamini kwamba mtu mzima mwenye akili angetupa nguo nzima nzima akiwa bado hai. Mwaka 2022, Raila Odinga akizindua manifesto yake alirudia wazo hilo la nguo za waliokufa, na wauza mitumba wakamjia juu hadi akalazimika kufafanua. Nadhani wengi walidhani hasira ile ilikuwa ya biashara tu. Mimi naona ilikuwa ya heshima. Shangazi yangu ameuza nguo za watoto kwa miaka mingi na amesomesha watu wanne kwa hiyo kazi. Anafungua belo la kilo 45 ambalo amelilipia bila kuona ndani. Zile nzuri, kamera, anaziangika juu. Za katikati anazipanga. Za mwisho, fagia, zinamwagwa chini kwenye turubai kwa bei ya kutupa. Akiambiwa kazi yake ni kuvisha Wakenya nguo za maiti, hasikii uchambuzi wa uchumi pale, anasikia tusi.

Lakini kuna kisa kimoja ambacho kila mtu anayebishana kuhusu mtumba anafaa kukijua kwa kichwa. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo za mtumba polepole hadi 2019. Uamuzi wa kwao, kwenye kikao chao. Rwanda ikapandisha ushuru mwaka huo huo kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2017, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani, SMART, kikapeleka malalamiko kwa serikali yao kwamba marufuku hii inawaumiza, na kwamba nchi hizi ziondolewe kwenye AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyokuwa ikiruhusu bidhaa zetu kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma upesi. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 serikali ya Trump ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda.

Soma tena polepole. Nchi inataka kuamua watu wake wavae nini. Nchi nyingine inaiadhibu kwa kukataa nguo zake kuukuu.

Kenya ilikuwa na sababu ya kuogopa. Viwanda vya EPZ pale Athi River, ambavyo sheria yake ni ya 1990 na ambavyo vilikua haraka baada ya AGOA, vinashona jinzi na suruali za soko la Marekani, na walioajiriwa ni maelfu, wengi wao wanawake vijana. Si kazi za raha. Januari 2003, mara tu serikali mpya ya NARC ilipoingia na watu wakaamini wanaweza kusema, wafanyakazi hao waligoma kwa wingi kuhusu mishahara na jinsi wanavyotendewa. Mwaka 2005 mgao wa kimataifa wa nguo ulipofutwa, viwanda kadhaa vilifunga vikaondoka, manake China sasa ingeuza bila kikomo. Kwa hiyo mwaka 2017 chaguo lilikuwa kati ya ajira ya mama anayeshona nguo mpya za Mmarekani na ndoto ya kiwanda cha kumshonea Mkenya. Inawezekana kabisa suruali ikashonwa Athi River, ikavaliwa Ohio mara sita, ikatolewa sadaka, ikafungwa kwenye belo, ikarudi kupitia bandari ya Mombasa na kupita Athi River kwenye lori kwenda Gikomba. Na aliyeishona akainunua.

Merikani ilikuja ikiwa mpya, angalau.

Sasa tatizo jipya, ambalo wauza mitumba wenyewe hulalamikia ukikaa nao: belo zimeharibika. Nguo za siku hizi zimeshonwa zisidumu, na nyingi ni poliesta, yaani plastiki. Ripoti ya mwaka 2023 ya Changing Markets Foundation na Clean Up Kenya ilikadiria kuwa nguo zaidi ya milioni 900 zilizotumika huletwa Kenya kwa mwaka, na kwamba hadi nusu ni taka. Chama cha wauza mitumba kiliipinga vikali, na hoja yao ina uzito: hakuna mfanyabiashara atakayelipa meli na ushuru aagize takataka. Lakini nenda kando ya mto Nairobi nyuma ya Gikomba uangalie kilicho ukingoni. Si lazima mtu awe aliagiza taka ndipo taka imfikie. Analipia belo zima, kamera na fagia pamoja, na fagia lisilouzika linabaki kwake. Hasara ya mtu wa Ulaya aliyenunua blauzi ya wiki moja imehamishwa kwenye hesabu ya shangazi yangu, halafu ikahamishwa mtoni.

Hapo ndipo hasira yangu imefika baada ya kusoma haya yote. Ufaransa ina mfumo, ulioanzishwa na sheria tangu 2007, ambapo kampuni inayouza nguo mpya inalipa ada ya kushughulikia nguo hiyo ikichakaa. Wazo zuri sana. Ila nguo ikikusanywa Paris ikauzwa Afrika, ada inabaki Ulaya na nguo inasafiri peke yake. Sisi nasi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayosema mzalishaji abebe wajibu wa taka ya bidhaa yake. Mzalishaji wa shati la mtumba ni nani kwa macho ya sheria yetu? Kama ni mwagizaji wa Nairobi peke yake, basi tumerudia yale yale ya misafara, gharama inakaa kwa aliye mwisho wa njia.

Kwa hiyo mimi ninachodai ni ada ifuate belo. Kila kilo inayoshuka Mombasa ije na pesa iliyotozwa kule ilikouzwa mara ya kwanza, iingie kwa kaunti zinazozoa, kwa wanaochambua, kwa fundi wa Gikomba anayegeuza mashati mawili mabovu kuwa moja zima. Kenya ikipeleka hili peke yake itafanyiwa kama Rwanda. Ghana na soko lake la Kantamanto wana mto wao uliojaa, Uganda wana Owino, Watanzania wana la kwao. Wauza mitumba wana chama, wanajua kubana wanasiasa, tuliwaona 2022. Hawa ndio ningependa kuwaona mbele, kabla ya mtu yeyote mwenye kamera na kabati kubwa, mimi nikiwemo.

Tisheti ya mia mbili niliyovaa nikiandika haya imeandikwa jina la timu ya mpira wa vikapu ya shule moja ya upili huko Minnesota. Lebo ndani inasema imetengenezwa Bangladesh. Nimeipekua yote, hakuna mahali ilipoandikwa nani atakuja kuichukua ikichanika.